Nilimwandika Furaha Ndugu Yangu, Kisha Nikamkana

Wasomaji wenzangu, nina miaka thelathini na sita, niliishia darasa la saba, nalima mihogo na maharage hapa Heru Juu, nje kidogo ya Kasulu. Haya nimeyaandika mara tatu nikayachana... Sijui hata kama nayapanga sawa.

Kikundi chetu cha ngoma kilialikwa visiwa vya Karibiani, kwenye kanivali. Kule wajukuu wa Waafrika waliopelekwa utumwani hujaza barabara kwa ngoma na mavazi ya manyoya. Walitaka kucheza na watu wa bara la babu zao. Nani angekataa?

Mchezaji wetu bora alikuwa Furaha, Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Lakini mkimbizi hapati pasipoti yetu. Tena yeye na wanawe wawili walikuwa wakingoja kuhamishiwa ng'ambo. Miaka tisa wanangoja!

Nikamshawishi aombe pasipoti kwa kujiandikisha kama binti wa baba yangu.

"Yaya, batanikamata," aliniambia kwa Kiswahili cha kwao, yaani dada, watanikamata.

"Mwoga we! Ukishavaa manyoya, nani atakuuliza kadi ya kambi?"

Akacheka, na kule uhamiaji akatia saini fomu, akaweka vidole kwenye mashine ya alama. Nilijua hatari ile? Labda nilijua.

Wiki moja kabla ya safari niliitwa ofisi ya uhamiaji. Alama za vidole vile zilikuwa zimeonekana kwenye orodha ya wakimbizi wa kambini pia. Afisa, sitamsingizia, aliniuliza kwa upole tu kama huyu ni ndugu yangu. Pasipoti yangu ilikuwa mezani, mbele yake... Nikasema simjui, amemdanganya baba yangu.

Nikasafiri! Nikacheza juani katikati ya umati, watu wananikumbatia wakilia, wananiita dada yao aliyepotea. Kila aliyeniita hivyo, nilitamani kumkimbia.

Niliporudi, Furaha alikuwa ameondolewa kwenye orodha ya kuhama. Wanawe pia! Ni kweli, saini kwenye fomu ile aliweka mwenyewe. Lakini wazo lilikuwa langu, na uongo wa pili ni wangu peke yangu.

Nimerudi kwa afisa yule kusema ukweli. Wameandika, wamesema nisubiri, na huenda nikashtakiwa. Nilipomfuata kambini kumwambia, Furaha alinipa kiti. Kisha akarudi kufua nguo za wanawe.

Ndugu zangu, msimwandikie mtu ukoo usio wake, hata kwa mapenzi. Na mkiulizwa kama mnamjua, jibuni ukweli siku hiyohiyo. Mimi nilichelewa miezi miwili... na wale watoto hadi leo wako kambini.