Uji wa Mteja wa Kwanza

Mlango wa biashara, ufunguapo mapema,
Mchunguze barabara, ajaye na kusimama.

Kikombe kilirudi kikiwa kimejaa.

Nasike alikigusa. Uji alioupakua punde tu ukitokota ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na utando wake wa juu haukuwa umevunjika. Aliunusa. Haukunukia wimbi, wala moshi, wala uchachu ule aliofundishwa na mama yake kuungoja kwa subira. Haukunukia chochote. Mwanamke aliyekirudisha, mteja wake wa kwanza tangu aanze kuuza, alikuwa amejitanda leso hadi puani. Aliiacha sarafu kwenye benchi akapotelea ukunguni.

“Labda hakuupenda,” Nasike alijiambia, akaumwaga.

Asubuhi hiyo uji uliisha kabla jua halijapanda. Waendesha bodaboda wa mtaa wa Matisi, ambao mwaka huo wa 2003 walikuwa bado wakibeba abiria kwa baiskeli, waliunywa wamesimama na kudai zaidi.

Nasike hakuwa na mtaji wa kuchezea. Alifika Kitale na sufuria ya mama yake, jiko moja, na gunia la wimbi kutoka kwao Bokoli, Bungoma, ambalo kaka zake walimpakilia kwenye lori wakicheka: “Utarudi Bungoma kabla halijafika nusu.” Gunia jingine halikuwepo. Mahali pa kuuzia alipewa na Nyaruai, mjane mwenye duka la mboga na mafuta ya taa, aliyemwachia kibaraza chake pamoja na kanuni moja ya wachuuzi: mteja anayefungua biashara hakataliwi.

“Hata akitaka bei ya chini, mama?”

“Hata akitaka bure, mpe. Ukimkataa huyo, siku yako imekufa.”

Basi Nasike hakumkataa. Mwanamke wa leso alirudi kila alfajiri, wa kwanza daima, na kila mara alitaka jambo dogo. Aliomba asogee karibu na jiko. Akasogezewa benchi, na makaa yakafifia mpaka alipoondoka. Asubuhi nyingine aliuliza, kwa sauti kavu, “Wanakuitaje hapa?”

“Mama Uji,” Nasike alijibu.

Tangu siku hiyo wateja walianza kumtazama kama dirisha. Levi, mwendesha bodaboda aliyezoea kumtania, alinyoosha kikombe huku macho yakipita juu ya bega lake.

“Levi, si nakuita wewe!”

“Aah, pole. Sikukuona, bana.”

Naye mwenyewe hakuweza tena kunusa uji aliokuwa akiupika. Lakini sufuria ilikauka kila siku, na kwa sababu hiyo alinyamaza.

Siku moja aliingia stoo ya Nyaruai kutafuta makaa, akaliona karai la kukaangia mandazi limetundikwa ukutani, mafuta yameganda ndani.

“La nani hili?”

Nyaruai alitazama mlangoni kwanza. “La Peris. Ndiye aliuza hapo kabla yako. Mafuta yalimchoma mkono, kovu likabaki kama jani, na bado hakuacha kazi. Kisha asubuhi moja sikumwona tena.”

“Akaacha karai lake?”

“Akaliacha.” Sauti ilishuka. “Yeye pia alikuwa na mteja wa leso.”

“Na hukuniambia!”

“Ningesema nini? Mimi mtu wa kanisa, nianze kutangaza majini kwa duka langu? Nilidhani yaliisha. Sikiza, msichana. Kesho nitaamka mapema. Acha mimi ndiye nikufungulie biashara.”

Nasike aliondoka na neno hilo kama mtu aliyepewa noti anayoishuku. Kwa nini mtu aliyenyamaza muda wote huo atake leo kuwa wa kwanza? Duka la Nyaruai lilikuwa limepungua wateja. Huenda yule mwanamke alitumwa naye. Huenda Peris naye alifunguliwa biashara na mkono huo huo.

Alfajiri, Nyaruai alisimama mbele ya sufuria na kikombe chake na sarafu yake.

“Niwekee.”

Nasike aliifunika sufuria. “Ngoja mwingine aanze, mama.”

“Nasike, nakuomba.”

“Ati unaniomba? Si useme tu unataka nyota yangu!”

Mjane aliirudisha sarafu mfukoni. Kisha akaingia ndani, na komeo likalia.

Hapo ndipo Nasike, ambaye pua yake ilikuwa imekufa kwa siku nyingi, aliposikia harufu, harufu nzito ya mafuta ya kukaangia yaliyoungua, ikija pamoja na ukungu bila mlio wa hatua, bila kikohozi, bila mbwa kubweka, mpaka leso ile ikasimama mbele yake na makaa yote yakajikunyata kuwa meusi kana kwamba yamemwagiwa maji.

“Nipe upawa,” ilisema sauti. “Leo nitajitilia mwenyewe.”

Alitaka kusema hapana. Lakini gunia lilikuwa limekaribia nusu, na kicheko cha kaka zake kilikuwa kikimngoja Bokoli, na mlango uliokuwa nyuma yake alikuwa ameufungisha kwa mdomo wake mwenyewe, na mteja wa kwanza hakataliwi. Akaunyoosha upawa. Mkono ulioupokea ulikuwa na kovu, kama jani.

“Peris,” alinong’ona.

“Pole, dada. Hata mimi nilimpa aliyeniomba, akaichukua nafasi yangu na kwenda zake. Huku nje kuna baridi sana.”

Leso ilianguka kwenye benchi. Nasike alijikuta upande wa wateja, asikumbuke kupiga hatua. Makaa yaliwaka. Baiskeli zikafika.

“Niaje, Mama Uji!” Levi alisema kwa furaha, akimwangalia Peris. “Weka ile moto!”

“Levi! Levi, ni mimi!”

Levi aliegemeza baiskeli yake pale pale aliposimama Nasike, naye akalazimika kusogea.

Komeo lililia tena. Nyaruai alitoka na kikombe chake.

“Mama!” Nasike alilia. “Nilikosea! Nifungulie wewe, mama, nifungulie!”

Nyaruai alipita kando yake, akajifunga sweta vizuri kama aliyepigwa na upepo, akanyoosha kikombe juu ya sufuria.

“Umeamkaje, Mama Uji?”

“Salama, mama. Karibu.”

Baridi ilipanda kutoka ardhini hadi magotini mwa Nasike, kisha kifuani. Aliiokota leso, akajitanda hadi puani.

Jua lilipochomoza Matisi, aliyekuwa amesimama nyuma ya sufuria iliyotoka Bokoli alikuwa Peris.