Ubao Uliotundikwa Ukutani

Ijumaa ni siku ya kukuna muhogo. Jua halijakolea, wanawake wanaingia bandani kwa shangazi Feliciana, kila mmoja na beseni lake kichwani. Wanamenya, wanaosha, kisha kila mmoja anakaa mbele ya ubao wake. Ubao wenyewe ni mrefu, umepachikwa vijiwe vidogo vyenye ncha. Unausukuma muhogo juu yake, unauvuta, unausukuma tena. Kazi hiyo bila wimbo mikono inachoka mapema.

Na nyimbo zina wenyewe. Wimbo aliotunga mama yako ni wako. Mtu mwingine haanzishi mpaka umruhusu.

Crisanta aliachiwa na mama yake vitu viwili, ubao na wimbo. Wimbo ulikuwa wa mwanamume aliyesahau viatu kwa mwanamke wa nje, akarudi kwa mkewe pekupeku, akasema vimeliwa na kaa. Kila ulipoanzishwa, banda zima lilicheka kabla hata ya kufika kwenye kaa.

Lakini ulikuwa mwezi wa nne sasa wimbo ule haujasikika. Ubao wa Crisanta ulikuwa umetundikwa ukutani, kwenye msumari.

Hakuna aliyemfukuza. Ilianza jioni moja, shangazi Feliciana alipomwona akimeza kidonge.

"Unaumwa nini, mwanangu? Kila nikija nakukuta na kidonge."

Crisanta alimwambia ukweli. Alipokuwa na mimba ya Lino alipimwa, akakutwa na virusi vya UKIMWI. Tangu siku hiyo anameza dawa kila jioni, wala hajawahi kuruka hata siku moja.

Feliciana alilia. Alimkumbatia, akaapa kwamba atazikwa na siri ile. Ijumaa iliyofuata, banda zima lilikuwa linajua.

"Leo wewe chochea moto tu," Feliciana alimwambia kwa upole. "Vijiwe hivi vinachubua vidole. Sasa wewe ukijichubua..." Hakumalizia.

Basilia, jirani mwenye mdomo mwepesi, alimletea kigoda. "Kaa hapa, shoga, usiumize mgongo."

Kilikuwa kigoda kizuri, kimepakwa rangi ya bluu. Crisanta alipoinuka, hakuna aliyekikalia. Ijumaa ya pili hivyo hivyo. Ya tatu alijua kwamba kigoda kile ni chake peke yake.

Angetukanwa, angejibu. Lakini utamjibu nini mtu anayekuita mwanangu huku anakusogeza kando?

Jumanne, Crisanta alimpeleka Lino kwa muuguzi Eusebia, anayekuja kijijini mara moja kwa wiki. Lino alikuwa ametimiza mwaka na nusu. Eusebia alimpima uzito, akafungua karatasi ya majibu, akatabasamu.

"Kipimo cha mwisho hiki. Mtoto hana virusi. Dawa zako zimemkinga."

Crisanta alimbana mwanawe kifuani. Alicheka, halafu machozi yakamtoka na hayakukatika.

"Mbona tena?" Eusebia aliuliza.

"Jumapili tunaondoka. Tunahamia mjini La Ceiba kwa dada yangu. Hapa sina pa kukaa." Akamweleza habari za ubao, moto na kigoda cha bluu.

Eusebia alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimekulia kwenye mabanda hayo hayo. Ijumaa nije? Lakini habari ni yako. Niambie niseme nini, na nini nisiseme."

Crisanta alifikiri. "Si wanajua tayari? Sema yote. Ila kama ubao wangu hautashuka Ijumaa, Jumapili napanda basi."

Ijumaa Eusebia alifika na kisu chake mwenyewe. Alikaa, akaanza kumenya muhogo kama wengine. Crisanta alikuwa penye moto. Lino alikuwa mapajani mwa Feliciana, anavuta hereni za bibi huyo.

"Nenda kwa mama yako, mwizi wewe," Feliciana alimwambia. Akambusu, akamweka chini, akaanza kukuna. Haukupita muda akashtuka, akatia kidole mdomoni, akaendelea na kazi.

"Shangazi, umejichubua," Eusebia alisema.

"Hiki? Kidole hiki kimezoea."

"Damu yako ina nini?"

"Ina damu." Wanawake wakacheka.

"Umepimwa lini?"

"Mimi nina miaka sitini na minane, mwanangu. Unataka unipime urefu?"

Wakacheka tena, lakini Eusebia alikuwa anangoja jibu. "Na wewe, Basilia?"

Basilia aliinamia muhogo wake.

"Humu ndani mko wanawake saba," Eusebia alisema taratibu. "Damu ya mtu mmoja tu ndiyo tunayoijua hali yake. Huyo ndiye mliyemweka motoni."

Feliciana aliacha kukuna, akakitazama kidole chake.

"Tunawaogopea watu watakaokula," alisema.

"Virusi haviambukizwi kwa chakula, shangazi. Wala kwa kukaa pamoja, wala kwa kushikana mikono. Vikitoka nje ya mwili havidumu. Na mkate wetu wa muhogo huu unaokwa kwenye chuma cha moto. Damu kwenye chakula ni uchafu, iwe ya nani. Yeyote akijichubua aache kazi, aoshe kidole, akifunge kwa kitambaa. Muhogo ulioguswa na damu atupe, ubao aoshe. Sheria ni moja kwa wote, na leo wa kwanza ni wewe."

Feliciana aliinuka, akaenda kuosha kidole.

"Sasa na huyu?" Basilia aliuliza, akimwonyesha Crisanta kwa kidevu.

"Muulize mwenyewe. Yuko hapo."

Crisanta aliweka chini kijiti cha moto. "Nameza dawa kila siku, Basilia. Nimepimwa, na virusi vimepungua mpaka kipimo hakivioni tena."

"Mtu akifika hapo," Eusebia aliongeza, "na akiendelea na dawa zake, hata mume wake hamwambukizi."

"Hata kitandani?"

"Hata kitandani."

Basilia aliweka muhogo chini. "Na mimi nilikuwa naogopa kigoda."

Kicheko kiliwatoka wote kwa pamoja, na Crisanta naye. Feliciana peke yake hakucheka. Alikuwa amerudi, anafunga kitambaa.

"Akili inakubali," alisema. "Moyo ndio bado unaogopa."

Eusebia alinyoosha mkono kwenye boriti. Hapo ndipo *ruguma* inaponing'inia, ule mfuko mrefu wa kusukwa unaokamua muhogo mchungu. Maji meupe yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo.

"Maji yale yanafanya nini, shangazi?"

"Yanaua. Kuku akinywa haamki."

"Na muhogo huo huo mnawalisha watoto."

"Tunajua kuukamua."

"Basi. Mnaishi na sumu bandani na hamuikimbii, kwa kuwa mmefundishwa. Hili nalo lina mafundisho yake."

Feliciana aliitazama ndoo. Kisha akamgeukia Crisanta.

"Nilidhani nakulinda, mwanangu."

"Ulinilinda mpaka nikakosa pa kukaa, shangazi. Na siri yangu je?"

"Hiyo sina la kusema. Nimekosa." Macho ya bibi yalijaa machozi. "Mdomo wangu ndio ulistahili kutundikwa msumarini."

Alikwenda ukutani, akautungua ubao. Ulikuwa na utando wa buibui. Aliufuta kwa nguo yake, kijiwe kwa kijiwe, akauweka kando ya ubao wake mwenyewe, karibu kabisa, viwiko vigusane. Basilia alikivuta kigoda cha bluu, akakikalia.

"Kinakalika vizuri hiki," alisema. "Mtu asiniinue."

Crisanta alichukua muhogo. Akausukuma, akauvuta. Akaanzisha wimbo wa mama yake, na mwanamume yule akarudi nyumbani pekupeku. Wanawake walicheka kabla hata hajafika kwenye kaa.

Jumapili basi la La Ceiba lilipita, na Crisanta alikuwa ufukweni akimfundisha Lino kukimbiza kaa. Jumanne, Feliciana alikuwa wa kwanza mlangoni kwa Eusebia kupimwa. Basilia alikuwa nyuma yake, amemshika bibi mkono.

Na ule msumari? Siku hizi umebeba kimfuko cha sabuni na vitambaa safi. Ni vya mtu yeyote atakayejichubua. Mara nyingi ni Feliciana, kwa sababu hataki kukubali kwamba macho yamezeeka. Akiinuka kuosha kidole, Crisanta anaunyamazisha wimbo, na wote wanamngoja. Akirudi kukaa, wanaendelea pale pale wimbo ulipoachia, kwenye viatu.