Tundu la Geti

Rafiki yangu Beldina alihama Kondele akikimbia kelele, akapata nyumba Mamboleo, kwenye ploti tulivu ya wapangaji wawili tu: yeye na Dolphine. Geti lao, kama mengi ya huko, hufungwa kwa kufuli upande wa ndani. Ukiwa nje unapitisha mkono kwenye tundu, unapapasa kufuli, unalifungua.

Jioni moja stima ilipotea, akaenda dukani kununua mshumaa. Aliporudi giza lilikuwa limeshaingia. Alipitisha mkono taratibu, maana asubuhi alikuwa amejikata kidole gumba akipara samaki aina ya ngege, na plasta bado ilimbana. Mkono mwingine ukaudaka wake kutoka ndani, ukaung'ang'ania.

“Dolphine, wacha mchezo,” alisema akicheka.

Alisikia tu mtu akihema, kisha mkono ukamwachilia. Akafungua, akaingia, akafunga tena kama alivyozoea. Uani hapakuwa na mtu. Alikwenda kubisha kwa Dolphine, vidole vyake vikagusa kufuli mlangoni. Dolphine hakuwa amerudi.

Ndipo akasikia sandali zikiburuzwa barabarani, zikija mpaka getini. Funguo zikalia. Mkono ukaingia tunduni, ukaanza kupapasa bila wasiwasi, kama wa mtu anayekaa hapo. Akidhani ni yule aliyemshika, Beldina aliruka akaudaka ili usifungue, akaung'ang'ania kwa nguvu zake zote. Kwenye kidole gumba akahisi plasta.

Huko nje, mtu akacheka kwa sauti ya Beldina mwenyewe.

“Dolphine, wacha mchezo.”