Mkutano wa Jumanne Saa Nne

Fundi viatu alikuwa na majina mawili. Wateja walimwita Fundi. Watu wengine wote, hata mkewe, walimwita Mwenyekiti. Alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama chake tangu kabla binti yake wa mwisho hajazaliwa, na sasa binti huyo alikuwa mtu mzima mwenye kazi yake.

Chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa cha viatu. Kulikuwa na nyundo, gundi, nyuzi, na soli zilizotundikwa ukutani. Chumba cha nyuma kilikuwa cha chama. Humo mlikuwa na viti, meza ndefu, na bendera iliyokunjwa vizuri ndani ya mfuko wa plastiki. Mtu akitaka kwenda kwenye chama, ilimbidi apite kwanza kwenye viatu. Majirani walitania kwamba siasa za mtaa huo zinanuka gundi.

Binti yake aliitwa Shoto, kwa sababu alitumia mkono wa kushoto. Alifanya kazi katika kiwanda cha sabuni. Aliondoka alfajiri na kurudi jioni. Jioni baba na binti walikaa pamoja barazani, mmoja akinuka gundi na mwingine sabuni. Mama alikuwa akiwaambia wakaoge wote wawili kabla hajapakua chakula. Walicheka na kuzungumza mambo mengi. Jambo moja tu hawakuligusa, nalo ni chama.

Sababu ilikuwa hii. Shoto aliwahi kuomba kadi ya uanachama, tena si mara moja. Kila mara baba yake alimjibu vilevile.

"Bado, mwanangu. Kwanza upate uzoefu. Njoo utusaidie kupanga viti."

Shoto alipanga viti mpaka akachoka. Siku moja akaacha, na baba yake hakumuuliza kwa nini.

Kisha Katibu wa tawi alifariki dunia. Alikuwa rafiki mkubwa wa Mwenyekiti. Walikuwa wamefanya kazi pamoja katika kiwanda cha nguo, wakajiunga na chama siku moja, na wakazeeka pamoja.

Chama chao kilikuwa na desturi yake ya mazishi. Wanachama wanne walishika pembe nne za bendera na kuitandaza juu ya jeneza. Siku hiyo Mwenyekiti alishika pembe moja. Mjumbe mmoja mzee, mwenye fimbo, alishika ya pili. Pembe ya tatu ilishikwa na Kijana.

Msomaji, usidanganywe na jina. Kijana alikuwa na ndevu nyeupe na wajukuu. Zamani alichaguliwa kuwa mkuu wa vijana wa tawi. Hakuchaguliwa mwingine baada yake, basi akabaki Kijana hadi uzeeni.

Pembe ya nne ilikuwa ya Mweka Hazina, lakini yeye alikuwa mgonjwa kitandani. Shoto aliona hakuna mtu. Akasogea na kunyoosha mkono. Mwenyekiti akamtazama, akatikisa kichwa.

"Huna kadi," alisema kwa sauti ya chini.

Shoto akarudi nyuma. Upepo ukavuma. Ile pembe isiyo na mtu ikainuka, ikajikunja, ikamwacha Katibu nusu wazi. Vijana waliochimba kaburi walikuwa wamesimama pembeni na majembe yao, wakitazama. Mama Shoto alilia sana siku hiyo, na hakumlilia Katibu peke yake.

Msiba ulipoisha, Mwenyekiti alipokea ujumbe kutoka makao makuu ya chama. Mikutano miwili ya tawi ilikuwa imekosa akidi. Akidi ni idadi ya wanachama wanaotakiwa kuwapo ili mkutano uweze kuamua jambo. Mkutano wa tatu ukikosa akidi pia, tawi litafungwa.

Jioni hiyo Mwenyekiti hakugusa chakula.

"Vijana wa siku hizi hawana uchungu na chama," alisema. "Wanajua simu tu. Sisi tukifa, basi."

Shoto aliweka sahani chini.

"Baba, kuna jambo sijakuambia. Kazini kwetu kimeingia chama kipya cha siasa. Wanakutana jioni karibu na lango la kiwanda. Wenzangu wengi wamejiunga. Na mimi wameniletea kadi."

Mwenyekiti alisukuma sahani yake mbali.

"Kwa hiyo unaondoka?"

"Naondoka wapi, baba? Mimi sijawahi kuingia."

Maneno hayo yalimchoma. Alijua ni ya kweli, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Katika wiki moja alikuwa amemzika rafiki yake. Sasa alikuwa karibu kulipoteza tawi lake, na binti yake pia.

Wakati huohuo jirani yao alibisha hodi. Alikuwa mwalimu wa somo la uraia katika shule ya sekondari, na alikuwa amekuja kuchukua viatu vyake. Alikuta watu watatu hawatazamani.

"Jamani, nimekuja vibaya?" aliuliza.

"Umekuja vizuri," alisema Mama. "Karibu Mwalimu, kaa. Waambie hawa wawili kitu, maana mimi nimechoka kula na mabubu."

Mwenyekiti alimweleza habari ya akidi. Shoto alieleza habari ya kadi. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Mimi si mwanachama wa chama chochote," alisema. "Siwezi kumwambia mtu ajiunge na chama gani. Hilo ni uamuzi wake. Lakini naweza kuwaeleza namna vyama vinavyoishi na namna vinavyokufa. Mwenyekiti, mkutano wenu ni lini?"

"Jumanne, saa nne asubuhi. Siku zote."

"Shoto, Jumanne saa nne asubuhi huwa uko wapi?"

"Kwenye mashine, Mwalimu. Nikitoka nafukuzwa kazi."

"Na wenzako?"

"Wote tuko kazini. Wengine wako vyuoni, wengine sokoni. Nani atakuja saa hiyo?"

Mwalimu alimgeukia Mwenyekiti. "Kwa nini mlichagua Jumanne saa nne?"

"Ndiyo saa ya mkutano."

"Nani aliipanga?"

"Chama."

Mama alicheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

"Chama gani, baba wee! Ni king'ora kile! Umesahau? Nyinyi mlikuwa zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nguo. King'ora kikilia asubuhi mnatoka, mnapita hapa, nawapikia chai, mnafanya mkutano, mnakwenda kulala. Jumanne ndiyo siku mliyokuwa mnapewa mapumziko ya usiku unaofuata. Mlipanga saa ya vijana wa wakati ule. Vijana wenyewe mlikuwa nyinyi."

Mwenyekiti aliduwaa. Kiwanda cha nguo kilifungwa zamani. Sasa kilikuwa ghala la saruji. King'ora kilishauzwa kama chuma chakavu. Lakini yeye alikuwa bado anaufuata mlio wake.

"Kumbe," alisema taratibu.

"Sasa nisikilize, Mwenyekiti," alisema Mwalimu. "Chama cha siasa ni watu wenye mawazo yanayokaribiana, wanaotafuta kuongoza kwa kura. Watu hao huzeeka. Chama kisipopokea watu wapya, kinazeeka nao na kuzikwa nao. Mtu hujenga mazoea ya siasa akiwa bado kijana. Akizoea kushiriki, mara nyingi huendelea. Akizoea kufungiwa mlango, huenda akakaa nje maisha yake yote, au akaenda kwingine. Na wanaokaa nje wakiwa wengi, viongozi huchaguliwa na watu wachache. Hapo tunaumia sote, wenye kadi na wasio na kadi."

"Lakini hawana uzoefu," alisema Mwenyekiti.

"Wewe ulikuwa na uzoefu gani siku ya kwanza?"

Mkewe alimjibia.

"Alikuwa na suruali moja na kelele nyingi."

Hata Mwenyekiti alitabasamu, ingawa macho yake yalikuwa mekundu.

Mwalimu alimgeukia Shoto. "Na nyinyi vijana msijione hamna kosa. Kulalamika kwenye simu si kushiriki. Katiba ya chama inasema nani anaweza kuwa mwanachama na nani anaweza kugombea. Uliwahi kuisoma?"

"Sijawahi," alisema Shoto.

"Isome. Ukinyimwa haki iliyoandikwa humo, una pa kushika. Na usiwadharau hawa wazee. Wanajua tawi lilivyojengwa na makosa yaliyofanyika. Mkiwatupa, mtayarudia makosa yaleyale."

Mwalimu alichukua viatu vyake akaenda zake. Siku iliyofuata Mwenyekiti alitoa katiba ya chama sandukuni. Yeye na Shoto waliisoma pamoja barazani. Waliona kwamba umri wa kujiunga ni miaka kumi na minane. Hakuna mahali palipoandikwa neno "uzoefu". Hakuna palipoandikwa "Jumanne".

Mwenyekiti alisoma ukurasa huo tena. Akasema mkutano sasa utakuwa Jumamosi jioni. Kisha akaenda chumba cha nyuma, akarudi na kadi mpya.

"Nilikukosea, mwanangu," alisema. "Na ukiikataa sasa, nitaelewa."

Shoto aliipokea kadi. Aliifikiria usiku kucha. Asubuhi aliirudisha ile kadi ya chama kipya kwa mwenye nayo, kwa heshima. Kisha akawaambia wenzake ambao hawakuwa na chama kwamba tawi la mtaani limebadilisha saa ya mkutano. Baadhi walicheka. Baadhi walikuja kuandikishwa.

Mkutano ulifanyika Jumamosi jioni. Mwenyekiti alipanga viti mwenyewe. Binti yake alipotaka kumsaidia, alimkataza.

"Kaa, wewe ni mjumbe. Viti niachie mimi."

Watu waliingia wakipita katikati ya viatu. Wengine walikuwa bado na sare za kazi. Mweka Hazina aliletwa akiwa ameshikwa mkono huku na huku, akaketi karibu na dirisha. Viti vilijaa mpaka watu wakasimama. Akidi ilitimia, na tawi halikufungwa.

Mkutano ulikubaliana mambo mawili. Kwanza, viongozi watachaguliwa upya kwa kura ya siri. Zamani walinyoosha mikono, na hakuna aliyethubutu kumpinga mzee aliyekuwa akimtazama usoni. Pili, kiongozi hataongoza zaidi ya vipindi viwili. Hapo Kijana alisimama. Sauti yake ilikuwa nzito.

"Ndugu zangu, nimeitwa kijana mpaka nimepata wajukuu. Sikupata nafasi ya kuwa mzee. Naomba mnipumzishe."

Watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa walimwona analia.

Kabla ya uchaguzi, Mwenyekiti alimwita Shoto kando.

"Mimi sigombei tena. Nitawaambia wazee wakupe wewe kiti changu."

"Hapana, baba. Kiti si cherehani ya viatu, useme utanirithisha. Nitagombea kama wengine. Wakinitaka watanichagua."

Aligombea. Akashindwa. Aliyeshinda alikuwa dada mmoja mpakizi wa sabuni, mpole, anayesikiliza watu. Usiku huo Fundi alimkuta binti yake amekaa barazani. Aliogopa. Alidhani sasa ataondoka kweli.

"Pole, mwanangu."

"Ahsante, baba. Inauma, nisikufiche. Lakini zamani nilikuwa nashindwa nikiwa nje ya mlango. Leo nimeshindwa nikiwa ndani. Nitajaribu tena."

Tawi lilianza kuzungumza mambo ambayo wazee hawakuyajua. Barabara ya kiwanda cha sabuni ilikuwa na giza, na wanawake wa zamu ya jioni walikuwa wakivamiwa. Wanachama wapya walilipeleka jambo hilo kwa diwani. Wazee walikwenda nao, maana wao ndio waliojua mlango gani wa kubisha na nani hukwepa watu. Walirudi kwa diwani mara nyingi. Mwishowe taa ziliwekwa.

Mvua zilipoanza, Mweka Hazina alifariki dunia.

Watu walikusanyika makaburini. Bendera ilitolewa kwenye mfuko wake. Mwenyekiti mpya alishika pembe moja. Kijana wa zamani, ambaye sasa aliitwa Mzee na kulifurahia jina hilo, alishika nyingine. Fundi viatu alishika ya tatu. Kisha akaangalia kwenye kundi la watu mpaka akamwona anayemtafuta.

"Njoo," alisema.

Shoto alikuja akasimama mbele ya baba yake. Akashika pembe ya nne kwa mkono wake wa kushoto. Upepo ulivuma kama siku ile. Bendera ilitikisika katikati, lakini pembe zake zote zilikuwa zimeshikwa.

Fundi alikuwa analia, wala hakujificha.

"Vuta kidogo upande wako, mwanachama," alimwambia binti yake.

Shoto akavuta.