Lori Lililozimwa Mteremkoni

"Mbona umezima?" Maria aliuliza.

Walikuwa wamepita Tengeru, pale barabara inapoanza kuinama kuelekea Usa. Sadoki alikuwa ametoa gia na kuzima injini, na lori lenye shehena ya mahindi likawa linateremka lenyewe, kimya, upepo tu ukipita dirishani.

"Nabana petroli, mpenzi," Sadoki akasema huku akicheka. "Kutoka hapa mpaka daraja la Maji ya Chai, ni kilima kimoja tu kinachonila mafuta. Kwingine kote nateremka bure."

Akamweleza kwa majivuno. Tangu vita ya Hitla ikolee, petroli ilikuwa imepanda bei vibaya sana, na hata hiyo ilikuwa ya kugawiwa. Tajiri wake pale mjini alimpimia kidogo kidogo kama anayempimia adui yake uji, kisha akataka mzigo ufike Moshi vilevile. Kwa hiyo Sadoki alijifunza kukanyaga mafuta kwa huruma, na kuzima injini kila penye mteremko. Tajiri alimsifu mbele ya madereva wengine.

Maria alicheka naye. Mapajani alikuwa amepakata kitambaa cheupe walichotoka kukinunua Arusha, cha gauni la harusi. Kanisani walikuwa wameshatangazwa Jumapili mbili. Ilibaki moja, keshokutwa, halafu awe mke wa mtu.

Mbele yao mama mmoja alikuwa akitembea kando ya barabara na mkungu wa ndizi kichwani. Hakugeuka. Lori lilimfikia mgongoni kabisa ndipo Sadoki akapiga honi, na yule mama akarukia mtaroni, ndizi zikatawanyika.

"Hawasikii," Sadoki alisema. "Watazoea tu."

Maria aligeuka kumtazama yule mama akijiinua kwenye matope. Aliporudisha uso mbele, kicheko kilikuwa kimemkauka.

Baba yake, mzee Sumari, alikuwa amegongwa na gari jioni moja, miezi kadhaa nyuma, karibu na daraja la Maji ya Chai akirudi na ng'ombe wake. Mguu ulivunjika vibaya, ukaunga umepinda. Mzee alishikilia kwamba hakusikia gari lolote, na watu wakamcheka pembeni. Lori lisilo na sauti limeonekana wapi? Wengine walinong'ona kwamba alikuwa amelewa, mtu ambaye hajagusa pombe tangu abatizwe. Lori la Sadoki hakuna aliyelitaja, maana lilijulikana kwa mngurumo. Likitoka Moshi likipanda, lilisikika kuanzia Kikatiti, na mama yake Maria akawahi kubandika ndizi kwa ajili ya mkwe. Likiwa linashuka, kumbe lilikuwa linapita hivi, kimya.

"Sadoki, umeanza lini kuzima?"

"Zamani kidogo. Tangu petroli ipande."

"Kabla baba hajagongwa, au baada?"

Sadoki aliendelea kutazama barabara.

"Nimekuuliza."

"Maria," akasema taratibu, "giza lilikuwa limeshaingia."

Maria alikikunja kile kitambaa. Hakulia. Hasira ilikuwa imewahi mahali pa machozi.

"Washa gari."

"Ngoja nikueleze kwanza."

"Washa. Watu wasikie kwamba tunapita."

Sadoki aliingiza gia, lori likashtuka na kuwaka. Ilibidi aseme kwa sauti ili asikike, na maneno ya aina ile hayapendi kusemwa kwa sauti. Alisema alisikia kishindo, akasikia ng'ombe analia, akadhani amegonga ng'ombe tu. Alisimama mbele kidogo, akaogopa, akaondoka. Habari za mzee alizipata asubuhi.

"Na ukaja nyumbani," Maria akasema. "Ulikuja na sukari. Ulimshika baba mabega mganga alipokuwa anauvuta ule mguu. Baba alikulilia kifuani, Sadoki. Akakuita mwanangu."

"Ningesema wangenifunga. Wangeninyang'anya leseni. Harusi ingekufa. Nilinyamaza kwa ajili yako."

"Usinitwike mimi uoga wako."

"Nakupenda, Maria."

"Umemvunja baba yangu mguu, na leo bado unazima. Kama ungeacha kuzima, labda ningekuelewa. Bado unazima."

 Sadoki alimtaja tajiri, akataja bei ya petroli, mpaka wakafika darajani.

Maria alishuka darajani. Kabla hajafunga mlango alimwambia maneno machache tu.

"Kesho njoo umwambie baba kwa mdomo wako. Ukisema, nitasimama upande wako, hata ukifungwa nitakungoja. Usiposema, nitasema mimi."

Jumamosi Sadoki alikuja, na hakuja mikono mitupu. Alileta sukari tena na shuka la mzee. Mzee Sumari alikuwa amekaa uani, mguu ameunyoosha, akiwatazama mkewe na bintiye wakianika kahawa ambayo yeye hakuweza tena kupanda mlimani kuichuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Wakaongea habari za mvua, za vita, za mchungaji. Maria alisimama mlangoni na birika la chai, akingoja. Moyoni alimwomba Mungu Sadoki aseme, kwa sababu alikuwa anampenda bado, na hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Kisha mzee, bila kuulizwa na mtu, akaupapasa mguu wake.

"Yule dereva," alisema, "sina ugomvi naye kwa kunigonga. Mtu anaweza kugonga. Ila aliniacha gizani nikimwita, na alinisikia. Najua alinisikia."

Nafasi ilikuwa hiyo, nyeupe kabisa.  Sadoki alimtazama Maria, akautazama mguu.

"Mungu atamfichua, baba," akasema.

Maria aliliweka birika chini. Chai hakuimimina.

Jumapili kanisa lilijaa. Mchungaji aliyasoma majina yao kwa mara ya tatu, Sadoki Kasaine na Maria Sumari, akauliza kama yupo mwenye pingamizi. Aliuliza kwa desturi tu, macho yakiwa yameshahamia kwenye Biblia.

Maria akasimama.

"Mimi ninalo, mchungaji."

"Maria, mwanangu, hii ni ndoa yako wewe."

"Najua. Aliyemgonga baba yangu ni Sadoki. Alikuwa amezima gari kubana petroli. La petroli ningemsamehe, maana sote tunabana. Lakini jana baba alimfungulia mlango wa kusema, yeye akamwachia Mungu kazi ya kumfichua."

Kanisa zima lilimgeukia Sadoki. Mzee Sumari alijaribu kusimama, mguu ukamkatalia, akabaki ameshikilia benchi la mbele.

"Ni kweli?" akauliza.

"Ni kweli, baba."

"Ulinisikia nikiita?"

Sadoki aliinamisha kichwa. "Nilikusikia."

"Basi usiniite baba."

Baraza la mangi, yaani chifu, lilimtoza Sadoki ng'ombe, na leseni ikaponea chupuchupu kwa sababu tajiri alimwombea. Petroli haijashuka bei mpaka leo. Ila Sadoki hazimi tena. Kutoka Tengeru mpaka darajani lori linanguruma mteremko mzima, na mafuta yanayozidi anakatwa kwenye mshahara wake mwenyewe.

Mama yake Maria akilisikia habandiki kitu. Kitambaa cheupe Maria alikishona gauni, analivaa akienda sokoni, maana hela ilikuwa imeshatoka. Ule mngurumo ukianza kule juu bado moyo humwuma, hilo hakatai. Huinua kichwa, akasikiliza kidogo, kisha humshika baba yake mkono na kumsogeza pembeni ya barabara.