Mahari ya Hewa

Upepo ndio uliowakutanisha. Saa za watu kutoka kazini, njia panda imejaa honi, ulimpokonya msanifu majengo mmoja kijana karatasi yake ya ramani, ukaibandika usoni mwa fundi cherehani aliyekuwa akishona magauni ya harusi barazani.

"Samahani, dada. Hiyo ni ghorofa ishirini."

"Mbona nyepesi hivi? Itasimama kweli?"

Kijana alicheka mpaka tai ikakaa upande. Kesho yake alileta suruali nzima, akadai imechanika. Akambandika jina la Sindano. Naye akamwita Bwana Ramani. Usiku walibishana nani akate simu kwanza.

Jengo lile liliposimama pale njia panda, alimkabidhi ufunguo wa duka la chini, vioo vitupu. Sindano alilia kwa furaha. Mama yake akahamia naye dukani, akawa anatia vifungo.

Haikupita miezi mingi, gauni jeupe lililotundikwa asubuhi likawa la kijivu jioni. Moshi wa magari ulinasa kati ya majengo kama mvuke chini ya kifuniko. Mama akaanza kukohoa, kisha kuzirai. Bwana Ramani naye akawa adimu: anaegesha gari, anapanda lifti moja kwa moja hadi kwake juu. Sindano akaamini ana mwanamke mwingine.

"Niambie tu ni nani!" alimfokea kwenye simu.

Bwana Ramani akashuka dukani shingo upande. "Hakuna mtu, mpenzi. Nakwepa kikohozi cha mama." Akasema yote: mchoro wa kwanza uliacha uwazi hapo chini, upepo upite ufagie moshi wa barabara. Aliuziba yeye. "Nilitaka uwe na duka."

"Huku ukijua moshi utanasa?"

"Nilijua."

Nyuma ya pazia la kupimia nguo, mama alikohoa huku ameshikilia ukuta asianguke.

Bwana Ramani akapiga goti, pete mkononi. "Kubali nikuoe. Tukaishi na mama kule juu. Kule hewa ni safi."

"Na watu wa huku chini?"

"Sindano, mimi nakupenda wewe. Hao siwajui."

Sindano alimtazama mtu aliyempenda kuliko nafsi yake, akamchukia palepale. Kodi ya kule juu asingeiweza hata angeshona maisha yake yote. Akanyoosha kidole.

"Nivishe. Mama apate kupumua. Ila usiniite mpenzi tena."

Bwana Ramani, kwa furaha, alisikia lile neno la kwanza tu.