Kifundo cha Azola

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Azola alitakiwa kupiga mswaki akiwa amesimama kwa mguu mmoja, tena amefumba macho. Hayo ndiyo mazoezi aliyopewa na muuguzi wa zahanati. Kifundo chake cha mguu wa kulia kilikuwa kimeteguka siku aliporuka kutoka juu ya ukuta katika mchezo wa kupanda kuta, badala ya kushuka taratibu kama walivyofundishwa. Sasa uvimbe ulikuwa umenywea na maumivu yamekwisha. Lakini muuguzi alikuwa amemwonya: "Mguu ulioteguka husahau kazi yake. Mpaka usimame hivi bila kuyumba, usipande ukuta wala usimshikie mtu kamba."

Azola alijaribu mara moja tu. Alipepesuka, akagonga kiwiko kwenye sinki. Tangu siku hiyo alipiga mswaki ameegemea mlango, miguu yote miwili sakafuni, macho wazi kabisa.

"Unasimama?" aliuliza bibi yake kutoka jikoni. Nyumbani kwao, kwenye kitongoji cha Langa, wote walimwita Makhulu, yaani Bibi.

"Nasimama, Makhulu."

"Kwa mguu upi?"

"Ule ule mbovu."

"Vizuri, mjukuu wangu. Haya, kitendawili."

"Tega," alijibu Azola, povu mdomoni.

"Yuko chini, lakini aliye juu hathubutu kupanda bila yeye."

"Ngazi?"

"Ngazi haikai mezani ikala uji wangu. Fikiri tena."

Azola hakufikiri. Mawazo yake yote yalikuwa mtaa wa Salt River, kwenye ukumbi wa kupandia ambao zamani ulikuwa kiwanda cha nguo. Jumamosi hiyo kocha Mzwandile, ambaye watoto walimwita Bhuti, yaani kaka, angechagua jozi za kwenda mashindanoni. Walipanda wawili wawili: mmoja akiwa juu, kamba imefungwa kwenye mkanda wake wa kiunoni na kupitishwa kwenye pete ya darini, na mwenzake akiwa chini, ameikaza kamba hiyo ili wa juu akiteleza asidondoke. Mwenzake Azola alikuwa Onke, mvulana wa darasa lake mwenye maneno kama redio.

"Ajuza amerudi," Onke alisema alipomwona ukumbini Jumamosi hiyo. "Mkongojo umeuacha wapi?"

"Nimeuacha kwenu. Utauhitaji ukianza kutetemeka kule juu."

Onke alicheka, kisha akashusha sauti. "Lakini umepona kweli? Mimi sina mwenzangu mwingine, Azola. Usipokuwepo nitabaki kufagia chaki wanayojipaka wenzangu mikononi."

"Nimepona. Jifunge kamba, acha maneno."

Katika ukumbi ule, hakuna aliyenyanyua mguu kabla ya kuulizana kwa sauti, kocha akisikia. Onke aliuliza, Azola akajibu.

"Fundo?"

"Sawa."

"Mkanda?"

"Sawa."

"Miguu?"

Azola alitazama kiatu chake cha kulia. Kifundo hakikumuuma hata kidogo.

"Sawa," alisema.

Onke alipanda kama mjusi. Alipokaribia dari alinyoosha mkono kukamata kishikizo cha mwisho, vidole vikateleza, akaachia. Kamba ilimvuta Azola mbele kwa nguvu. Alikita mguu wa kulia ili ajizuie, na mguu ukakunjika chini yake kama karatasi iliyolowa. Alianguka kwa ubavu. Mikono yote miwili iliachia kamba kutafuta sakafu, naye akaisikia kamba ikikimbia juu yake ikivuma.

Kisha mvumo ukakatika.

Kocha Mzwandile alikuwa amejitupa na kuidaka kamba kwa mikono mitupu. Onke alikuwa akining'inia, mgongo wake ukikaribia kugusa godoro lililotandikwa chini ya ukuta. Mvua tu ndiyo iliyosikika juu ya mabati, na chaki ikashuka taratibu juu ya uso wa Onke, naye hakuifuta.

"Ulisema sawa," Onke alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama ya mtoto wa chekechea.

Azola alimwona kocha akitazama viganja vyake mwenyewe. Ngozi ilikuwa imechunika, nyekundu.

"Simama kwa mguu huo," kocha alisema. "Fumba macho."

Azola alifumba. Kabla hajavuta pumzi, alikuwa ameyumba na kushika bega la kocha.

"Sijafanya mazoezi," alisema huku akilia. "Hata siku moja. Nilimdanganya Makhulu, nikakudanganya na wewe, Bhuti."

Jozi yao haikwenda mashindanoni. Jioni hiyo Makhulu aliposikia habari yote, hakutega kitendawili. Hilo lilimtisha Azola kuliko kugombezwa.

Kuanzia kesho yake, Makhulu alihamishia kiti chake mlangoni pa bafu. Azola aliyumba, akagonga kiwiko, akaanza upya. Onke alipouliza Jumamosi zilizofuata, "Miguu?", Azola alijibu mbele ya watu, "Bado." Onke alinuna mara ya kwanza. Mara ya pili alimpa ufagio wa chaki na kusema, "Basi tufagie wote, ajuza."

Majira ya mvua yalipokuwa yakiisha, Azola alisimama bafuni, macho amefumba, mswaki mdomoni. Hakuyumba.

"Kile kitendawili changu," Makhulu alisema polepole, "jibu umelipata?"

"Mshika kamba," alisema Azola, bila kufumbua macho.

"Ndiye. Aliye juu hauoni mguu wako, mjukuu wangu. Anasikia neno lako tu, na kwa neno hilo anaachia ardhi. Ukiwa mgonjwa, sema. Ukipewa tiba, ifuate mpaka mwisho, hata maumivu yakishaondoka. Sasa tema hilo povu, uji unapoa."